Maji Niliyomnyima Mama

Kwako mama yangu, uliyelazwa nyuma ya nyumba yetu Bumula,

Hukujua kusoma, na mimi niliyejua sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja ulipokuwa hai. Sasa ndiyo naandika. Barua hii nitaisoma kwa sauti Jumapili, mbele ya waumini wote wa kanisa letu la shambani hapa Kitale, kwa sababu nililokutendea nililitenda kwa jina la kanisa, na haifai niliungame chinichini kama mtu aliyeiba kuku. Watakaonicheka na wacheke. Nimestahili.

Nianze na siku uliyokuja. Baba alikuwa amekufa mwaka ule, Nekesa dada yangu ameolewa boma la pili kutoka kwetu, na mimi nikasema hapana, mama atakaa kwangu. Nilikuwa na kiburi cha jambo hilo. Nilikuwa katekista mpya, nina baiskeli, nina viatu vya ngozi, nina chumba changu peke yangu katika laini za wafanyakazi wa mzungu. Ulishuka kwenye lori la mahindi na kuku wawili na kikapu chako cha kazi. Kikapu kile nilikijua tangu utotoni: uzi, vipande vya utete uliovichonga mpaka vikakata kama wembe, mafuta ya mbarika, vitambaa safi. Ulikuwa mkunga, na nusu ya Bumula ilipita mikononi mwako.

Hata wiki mbili hazijaisha, mke wa mkamuaji ng'ombe akashikwa na uchungu. Uliingia asubuhi, ukatoka saa sita na mtoto wa kiume aliyelia hadi kwa bwana mkubwa, mwenye shamba, kukasikika. Kuanzia siku hiyo jina langu likapotea. Watu wakaacha kuniita mwalimu, wakaniita "yule mtoto wa mkunga." Nilicheka nao, lakini rohoni nilichukia, mama. Nilichukia sana.

Wewe uliniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yako. "Baba, kunywa chai itapoa." "Baba, hiyo shati ivue niifue." Jioni ulikaa mlangoni ukijipaka mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, ukinisimulia habari za laini ulizozijua kuliko mimi niliyekaa humo miaka miwili. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba nyapara alikuwa amekataza wanawake kuchimba karibu na nyumba, ati bwana hataki mashimo. Ukaniuliza, "Sasa kondo la nyuma la watoto hawa nizike wapi?" Nikasema zika popote. Ukanitazama kama mtu asiye na akili. Kwetu kondo la nyuma huzikwa nyumbani, kwenye migomba, ndipo mtoto ajue pake. Hapa ulikuwa ukiyazika ukingoni mwa shamba, kwenye ua, mahali plau haifiki. Ulisema, "Watoto hawa wameanza maisha kwa shamba ya mtu." Mimi niliendelea kutayarisha somo.

Kisha ukaniambia unataka kubatizwa. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilikimbia kuandika jina lako katika orodha ya darasa langu.

Darasa tulifanyia katika stoo ya mahindi, Jumapili mchana, wanawake wamekaa juu ya magunia, wanaume wamesimama mlangoni. Ulikuwa mwanafunzi mwema. Ulijua sala zote kabla ya wale vijana waliokwenda shule. Mle ndani uliniita mwalimu, hukuniita baba hata mara moja, na jambo hilo dogo lilinipendeza kuliko nilivyoonyesha.

Tulipofika kwenye kuzaliwa kwa Yesu, nilisimulia vizuri. Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza safari, nyumba zilizojaa, zizi, ng'ombe. Nilipomaliza ukainua mkono.

"Mwalimu, huyo msichana alipokelewa mtoto na nani?"

Nikasema malaika walikuwepo.

"Malaika anajua kukata kitovu?"

Watu wakacheka. Mama Njeri, yule aliyetoka upande wa Nyeri, akapiga makofi akasema, "Ai! Huyu mama!" Lakini wewe hukucheka. Ulikuwa umeinama mbele, umekunja uso, vile ulivyokuwa ukifanya mtoto akikataa kugeuka tumboni.

"Mimi nauliza kwa sababu alikuwa ugenini," ukasema. "Hakuwa na mama yake, hakuwa na mama mkwe. Kondo la nyuma walizika wapi? Kwa shamba ya nani?"

Leo naandika maneno yale na ninaona ulichokuwa ukiuliza. Siku ile niliona kitu kimoja tu: mama yangu mzazi anamwaga damu ya uzazi katikati ya somo langu, mbele ya watu wanaoniita mtoto wa mkunga. Masikio yaliniwaka moto. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Yesu hakutoka na vitu hivyo. Nikasema alitoka kwa Maria kama nuru inavyopita dirishani, pasipo damu wala uchungu wala kitovu.

Kisha ukasema polepole, ukisikitika kabisa, "Basi hakuzaliwa. Alitembelea tu."

Na watu wote wakaelewa, maana sote tulijua kutembelewa ni nini. Bwana mkubwa alikuwa akitembelea laini zetu mara moja kwa mwezi, na fimbo yake, na kitambaa puani, hakai, hanywi maji yetu, dakika kumi amekwisha ondoka. Mkamuaji ng'ombe akasema, "Kweli kabisa." Nikalifunga darasa.

Jioni ile uliniletea ugali wa wimbi na mboga ulizopika kwa maziwa, ukaniuliza kama nimekasirika. Nikasema umemdharau Mungu. Ukashtuka. "Baba, mimi? Mimi nilikuwa nafurahi. Nilifikiri, kumbe huyu Mungu anatujua sisi wa laini. Kama naye alizaliwa kwa shamba ya mtu, huyo naweza kumwamini mpaka mwisho." Nikakujibu kwamba imani si maneno ya jikoni. Nilikwambia hivyo, mama, huku nikila chakula chako.

Padre alikuwa akija mara mbili tu kwa mwaka, na majina ya wa kubatizwa aliyapata kwangu. Nilichukua kalamu nikakata jina lako. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa natafuta kupelekwa chuo cha walimu, na niliogopa usije ukamuuliza padre swali lile mbele yangu, akasema katekista huyu hata mama yake hajamfundisha. Hiyo ndiyo sababu. Dini niliifanya kifuniko.

Krismasi ile wenzako walivaa nguo nyeupe ulizowasaidia kufua. Wewe ulikaa nje ya kanisa, kwenye nyasi, umeshika watoto wao wasilie. Nilikuona kwa mlango. Misa ilipokwisha uliniambia, "Si kitu, baba. Mwaka ujao nitajua zaidi." Wiki iliyofuata ukapanda lori ukarudi Bumula, ukisema shamba lako halina mtu. Sikukubembeleza ubaki.

Na ujue kilichotokea laini baada yako. Mwezi wa tatu Mama Njeri alijifungua, na hapakuwa na mkono wa kumpokea mtoto ila wa jirani asiyeijua kazi hiyo. Mtoto alitoka na uzi wa kitovu shingoni, akafa kabla hajalia. Njeri bintiye, ambaye ana miaka saba, aliniuliza yule shosho wa mwalimu, bibi mkunga, alikwenda wapi. Nikamwambia amekwenda kulima.

Mvua za masika zilikuwa zimeshika kweli kweli mfanyabiashara wa kuku kutoka Bumula aliponikuta barabarani. Akasema mama yako ni mgonjwa, tumbo limejaa, hali kitu, na amesema uje na maji. Nilielewa ni maji gani. Sisi makatekista tulifundishwa kwamba mtu aliye kufani, na padre hayupo, tunaweza kumbatiza wenyewe. Niliomba ruhusa ya siku sita, nikasafisha chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, nikatia maji, nikaifunga kwa kizibo, nikapanda baiskeli. Niliteleza katika matope ya Kamukuywa, nikalala Kimilili, nikafika kwetu kesho yake mchana.

Nekesa alikuwa amekuegemeza ukutani. Mikono yako ilikuwa imekauka, mama. Ile mikono! Nililia mlangoni, na huko hakukuwa kujifanya. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Umekuja na maji?" Nikatoa chupa nikakuonyesha. Ukatabasamu ukamwambia Nekesa akuvike kitambaa safi kichwani.

Ningekumwagia papo hapo. Mtu mwingine yeyote angekumwagia. Lakini nilikuwa mwalimu, nikaanza kukuuliza maswali. Nani alikuumba? Ukajibu. Kwa nini alikuumba? Ukajibu. Ulikuwa unapumua katikati ya kila neno, nami nangoja jibu lifike mwisho. Nekesa akasema, "Si umwache, amechoka." Nikamwambia anyamaze.

Kisha nikauliza lile. Nani alinisukuma? "Na Yesu, mama, alizaliwa vipi?"

Ulijua ninachotaka. Hukuwa mjinga hata siku moja. Maneno mawili tu ungesema, nikakubatiza, ukalala na amani.

"Alizaliwa kama wewe, baba."

"Mama, sema alikuja kama nuru."

"Siwezi."

"Sema tu!"

"Nuru haijui kuumwa na tumbo," ukasema. "Mimi hapa naumwa. Nataka yule anayejua." Ukapumzika, ukaongeza, "Nisije nikasema uongo na huku nakufa."

Nikafunga kizibo. Nilisema nitarudi Jumamosi ya wiki ijayo, ukiwa umefikiri vizuri. Nilisema hivyo kwa sauti ile ya darasani. Ukanyoosha mkono kunigusa, nikainama, ukanishika kichwa pale utosini kama ulivyokuwa ukiwashika watoto wachanga. Kisha nikatoka, nikafunga mfuko wangu nyuma ya baiskeli. Nilikuwa bado na siku mbili za ruhusa, mama. Hata hizo sikukupa.

Ulikufa siku ya tatu baada ya mimi kuondoka. Nilipofika tena kaburi lilikuwa limechimbwa. Watu wa ukoo wakaniambia, mwalimu, tuombee. Nikasema siwezi kumwombea kwa sala za Wakristo, hakuwa amebatizwa, na sheria ni sheria. Nilisimama kando, mikono nyuma, jirani zako wakikuzika. Mzee mmoja aliyekuwa wa dini ya zamani ndiye aliyesema maneno machache juu yako. Alisema mwanamke huyu alitupokea sisi wote. Hakuna Mkristo aliyefungua mdomo, na Mkristo pale nilikuwa mimi.

Sikujua kama nimekosa. Hilo ndilo linalonitisha hata leo. Nilirudi Kitale nikala, nikalala, nikafundisha. Nilihuzunika kama mtoto anavyohuzunika kwa mama, lakini dhamiri yangu ilikuwa kimya kabisa, imeshiba.

Kisha mwezi uliopita padre aliwaita makatekista wote wa upande huu, akatufundisha siku tatu kujiandaa kwa Krismasi. Ni mzee, Kiswahili chake kinachechemea, lakini siku ya pili alisema kitu kikanishtua. Alisema wapo waliofundisha tangu zamani kwamba mwili wa Yesu ulikuwa kivuli tu, wala hakuumia wala hakuwa mchafu, na kanisa likawakatalia. Akasema kama Mungu hakuutwaa mwili huu hasa, huu unaotoka jasho na kuharisha na kuoza, basi mwili huu haukuokolewa. Alinyonya, padre akasema. Alifuliwa nepi. Alikatwa kitovu.

Alisema hivyo, mama. Kwa mdomo wake. Alikatwa kitovu.

Wengine walikuwa wakiandika. Nilimfuata padre nje, nikamwambia kuna mwanamke mmoja upande wa Bumula, mkunga, nikamsimulia maneno yako yote: shamba la mtu, kutembelea, nuru isiyoumwa tumbo. Nilisimulia kana kwamba ni habari niliyoisikia njiani. Padre alivua miwani akaifuta kwa kanzu.

"Alibatizwa?" akauliza.

"Hapana, padre. Alikufa."

"Aliomba ubatizo?"

"Aliomba. Mwalimu wake alimkatalia kwa sababu ya maneno hayo."

Alivaa tena miwani, nami nikatamani anipige. Kisha akasema mwanamke huyo alishika kitu ambacho yeye alikisoma miaka mingi na bado hakijamwingia moyoni. Akasema Mungu hafungwi na maji ya mtu, na kwamba yeye hana hofu juu ya mwanamke huyo hata kidogo. "Lakini mwalimu wake," akasema, "huyo nina hofu naye. Ni nani?"

Nikasema, "Simjui vizuri, padre."

Umesikia, mama? Nilikunyima maji, nikakunyima sala, na nilipoulizwa, nikakunyima hata kuwa mwanao.

Padre amesema Mungu anakujua, na mimi naamini hivyo kwa ajili yako. Kwa ajili yangu siwezi kulitumia neno hilo. Kila mara nikilitaka linifariji, naona mdomo wako ukisema siwezi, na mkono wangu ukikaza kizibo. Niliyemhubiri miaka hii yote alikuwa mgeni mwenye kitambaa puani. Wewe ulimtambua yule wa kweli, akaletwa mbele yangu katika mwili wako mgonjwa unaonuka, nami nikamwambia afikiri vizuri mpaka Jumamosi.

Sasa ninachokwenda kufanya ni hiki. Jumapili padre atakuwepo. Nitasimama nisome haya yote, naye atajua mwalimu yule ni nani. Kazi watanivua, na wakinivua ni haki. Chuo cha walimu kimekwenda. Bwana mkubwa hataki katekista asiye na kazi katika laini zake, kwa hiyo nitarudi Bumula nikalime shamba lako, kama Nekesa ataniruhusu kupita mlangoni.

Nilikwenda kwake juzijuzi. Nilimwambia kila kitu, hata la kukukana mbele ya padre. Alikuwa akimenya maharagwe, hakuinua uso. Nilidhani atanifukuza. Alimenya mpaka ungo ukajaa, ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Akasema baiskeli yangu ilipokwisha pita kwenye kona, ulifumbua macho ukamwuliza, "Maji yaliisha?" Yeye akakufunika vizuri. Ukasema, "Yalikuwa kidogo, naona. Na kule laini kuna watu wengi wanamngoja. Msimlaumu." Ulisema hivyo mara mbili siku ile, na mara ya mwisho asubuhi uliyokufa, ukawaomba watu wa nyumbani wasije wakaniuliza, nisione haya.

Haikuwa hivyo, mama. Chupa ilikuwa imejaa. Nilirudi nayo Kitale ikiwa imejaa.

Ni mimi, mwanao, uliyeniita baba.